Saa Arobaini na Nane

Basi la Nairobi lilitakiwa kufika Kisii saa sita mchana. Lilifika saa kumi na moja kasoro robo, na kuchelewa huko ndiko kulikozaa matata yote yaliyofuata. Lingefika kwa wakati wake, Esnah na mumewe Ongeri wangelifungua boksi lao pale pale dukani kwa Ratilal, wangeona kilichovunjika, wangegomba kidogo, wakaenda zao. Lakini ilikuwa Ijumaa, na Ongeri alikuwa shemasi wa kanisa la Wasabato la Nyakoe. Kwa Msabato wa Nyakoe, Ijumaa jioni si wakati wa kufungua maboksi. Jua likishazama hakuna kubeba mzigo, hakuna kununua wala kudai, mpaka jua la kesho yake nalo lizame.

Ratilal aliuza vyombo vya nyumbani, na pembeni alikuwa wakala wa kampuni moja ya Nairobi iliyouza vitu kwa gazeti. Mtu alikata kuponi gazetini, akaijaza, akaipeleka kwa wakala pamoja na pesa, halafu akangoja mzigo wake uje kwa basi. Esnah alikuwa amengoja wiki tano. Ndani ya boksi hilo mlikuwa na mashine ya kufumia sweta, mpya, yenye sindano mia mbili, ya shilingi elfu kumi na sita na mia nane. Picha yake alikuwa ameitazama gazetini hadi wino ukamganda kidoleni.

Jayshree, mke wa mtoto wa Ratilal, ndiye aliyeandika karatasi zote za duka. Alizaliwa Kisii hapo hapo, na Kigusii alikijua kuliko watoto wengi wa Wagusii waliokulia mjini. Alilisukuma boksi juu ya kaunta akawaambia wafungue waangalie kwanza, kisha ndiyo waweke sahihi. Ongeri alitazama saa yake, akatazama nje, ambako mwanga ulikuwa umeshapanda mabati ya duka la ng'ambo.

"Kitu kipya kwetu hufunguliwa nyumbani," alisema. "Kwa maombi. Mzee wa kanisa ameshaambiwa, atakuja Jumapili."

Hilo lilikuwa kweli. Lakini kweli kubwa zaidi ilikuwa kwamba aliogopa kukutwa na waumini wenzake njiani na boksi begani jua likiwa limezama. Akachukua kalamu, akaweka sahihi yake ya madaha, sahihi ya mtu aliyekuwa karani wa wizara kwa miaka kumi na tisa, chini ya maneno yaliyosema mzigo umepokewa ukiwa mzima. Esnah alishika pembe moja ya boksi kumsaidia kulinyanyua. Kitu kikabingirika ndani. Kilikuwa kidogo tu, na sauti yake haikuzidi ya sarafu ndani ya kopo. Alimtazama mumewe, akamtazama Jayshree, akanyamaza. Na yeye alikuwa ameliona jua.

Sabato ile boksi lilikaa sebuleni limefunikwa kitambaa cha meza, na Esnah hakupata raha hata ya dakika tano. Kanisani alifungua kitabu cha nyimbo kwenye kurasa zisizo zake. Akirudi nyumbani alilizunguka boksi akijifanya anatafuta kitu, na binti yao Joyline, wa miaka kumi na miwili, alimuuliza kwa nini anatembea kama kuku anayetaka kutaga. Aliambiwa akasome Biblia.

Mashine hiyo haikuwa pambo. Mwaka uliotangulia serikali ilikuwa imepunguza wafanyakazi, na Ongeri akawa miongoni mwa waliopunguzwa. Walimpa ile pesa ya kwaheri ambayo watu waliiita handisheki, na handisheki hiyo ikaliwa na karo, na mabati, na maziko ya shangazi yake, na wajomba waliogundua ghafla kwamba wanampenda. Kilichobaki ndicho kilichonunua mashine. Mwalimu Machogu, mkuu wa shule ya msingi, alikuwa amemwahidi Esnah kazi ya sweta sitini za wanafunzi, ziwe tayari shule ikifunguliwa Januari. Alimpa sharti moja: aione mashine ikifanya kazi kabla Novemba haijaisha, la sivyo kazi ataipeleka kwa duka la mjini. Sasa ilikuwa katikati ya Oktoba.

Jumapili saa nne asubuhi Mzee Omwenga, mzee wa kwanza wa kanisa, aliwasili akiwa amevaa koti. Wanawake wa jirani walikuwa wameshajaa, wamekalia viti vya kuazima, chai na chapati zikipita. Omwenga aliomba dakika ishirini. Alimshukuru Mungu kwa ajili ya mashine, kwa ajili ya chuma kilichotengenezewa mashine, na kwa ajili ya watoto ambao wangevaa sweta wakati wa baridi ya Julai. Kisha akatoa kisu chake kidogo mfukoni, akakata utepe wa gundi wa boksi kwa heshima, mkato mmoja mrefu.

Bamba la sindano lilikuwa limepinda katikati. Kile kisehemu cha kusukumwa huku na huku kilikuwa kimepasuka vipande viwili, na sindano zilikuwa zimetapakaa chini ya boksi, nyingine zimekatika. Mwanamke mmoja aliyekaa nyuma, ambaye hakuwa ameona vizuri, alipiga makofi.

"Labda ndivyo zinavyokuja," mwingine alisema kwa upole. "Labda mtu hujiunganishia mwenyewe."

Walimaliza chai, maana chai haiwezi kumwagwa. Halafu wakaondoka wawili wawili, kila mmoja akimpa Esnah mkono na pole, na mmoja wao akaongeza kwamba yeye vitu vya gazeti hakuwahi kuviamini hata siku moja. Esnah aliitikia asante kwa kila pole. Aibu ilimchoma usoni kuliko moshi wa jikoni.

Ongeri ndiye aliyeisoma karatasi ya masharti. Maandishi yake yalikuwa madogo hata akayapeleka dirishani. Mali iliyovunjika ingelipwa yote, mradi mnunuzi alalamike kwa wakala katika muda wa saa arobaini na nane tangu apokee mzigo. Alihesabu kwa vidole. Ijumaa saa kumi na moja na dakika ishirini. Leo saa kumi na moja na dakika ishirini. Akavaa viatu bila soksi, akaondoka mbio kwenda mjini, naye hakuwa mtu wa kukimbia. Alikuta duka la Ratilal lina kufuli mbili. Mlinzi wa benki ya jirani alimwambia Wahindi wote wameenda arusini Kisumu, watarudi kesho. Ongeri alikaa kwenye baraza ya duka mpaka saa kumi na moja na nusu, huku akijua fika kwamba hakuna atakayekuja, ndipo akainuka akarudi nyumbani.

Jumatatu saa mbili walikuwa dukani wote wawili na boksi lao. Ratilal, mzee mfupi aliyemwita kila mteja wa kiume mwalimu, alilitazama bamba lililopinda akaguna. Alisema huu ni mzigo wa tatu mwaka huu kuja hivyo, kwamba kule Nairobi hufunga vitu kwa magazeti mawili na kamba ya katani. Akapiga simu. Alipiga mara nne kabla haijashika, akaeleza, akasikiliza, mwishowe akamkabidhi Ongeri mkono wa simu.

Sauti ya msichana upande wa pili iliuliza kama yeye ndiye aliyetia sahihi kwamba mzigo ni mzima. Ongeri akakiri. Ikauliza kwa nini hakulalamika Jumamosi, na duka la wakala lilikuwa wazi siku hiyo.

"Ilikuwa Sabato," Ongeri alisema.

Sauti ikauliza ilikuwa nini. Akarudia kwa nguvu zaidi, simu ikakwaruza, akarudia tena karibu kwa kupiga kelele, na wateja waliokuwa wakichagua sufuria wakageuka kumtazama huyu mtu mzima aliyevaa tai anayeitangazia simu Sabato. Simu ikakatika. Haikujulikana kama ni laini mbovu au ni yule msichana.

Esnah hapo aliona uchungu kuliko wa boksi lenyewe. Saa arobaini na nane hizo, alifikiri, ishirini na nne ni za Mungu na zilizobaki kufuli mbili zilikuwa mlangoni. Wangelalamika saa ngapi? Aliyasema hayo kwa sauti, na Ratilal akamsikiliza hadi mwisho, akikubali kwa kichwa.

"Wewe iko sawa, mama," alisema. "Lakini Nairobi hapana jua Sabato. Nairobi najua karatasi." Akafungua droo, akatoa fomu. "Sikiliza, mwalimu. Jumamosi duka yangu ilikuwa wazi mpaka saa saba. Mimi naandika hapa: Jumamosi, saa nne, mteja amekuja na boksi, amelalamika. Simu ilikuwa mbovu, hapana pata Nairobi. Yule wa simu jina yako hapana pata. Nani atabisha?"

"Sikuja hapa Jumamosi," Ongeri alisema.

"Najua hukuja. Ungekuja, singekuwa naandika."

Fomu ilitaka sahihi ya mnunuzi, na muhuri wa chifu au naibu wake. Ratilal hakuomba chochote. Alisema tu kwamba kampuni ikigundua, uwakala wake umekwisha, basi wakitaka waamue haraka, maana yeye ana mke na moyo wake si wa chuma. Jayshree alijifanya anapanga vikombe.

Walitoka nje barazani kuamua. Watu walipita na mikungu ya ndizi, na kila aliyewafahamu alisimama kusalimu, kwa hiyo ugomvi wao ukawa wa vipande vipande, na tabasamu katikati.

Ongeri alisema hawezi. Pesa zitatafutwa kwingine. Esnah akamuuliza kwingine wapi, amtajie mahali pamoja tu. Ongeri akasema jina la mtu lina thamani. Esnah akamuuliza kama Mwalimu Machogu atapokea sweta sitini za jina.

"Niambie kitu kimoja, baba Joyline," alisema. "Unaogopa kusema uongo, au unaogopa watu watauamini?"

Ongeri alimpungia mpita njia mkono. Alikuwa mtu mkweli, na ukweli ulimponza hata hapo. "Yote mawili," alisema.

"Ungelifungua Ijumaa tusingekuwa hapa."

"Ijumaa hukusema kitu."

"Nilisikia kitu kikibingirika ndani."

Alimgeukia. "Ukanyamaza?"

"Nikanyamaza."

Mama mmoja wa kwaya akapita, wakamsalimu. Alipokwisha kupita, Esnah akaugeukia mlango wa duka. Wakati wa kujaza kuponi, Ongeri alikuwa ameandika jina la Esnah badala ya lake, iwe zawadi, iwe mashine ya mke wake kweli kweli. Kwa hiyo mnunuzi alikuwa Esnah. Aliingia dukani peke yake, akaandika jina lake lote kwa herufi za shuleni, kubwa na zilizonyooka, akatoka na fomu ndani ya khanga. Mumewe alikuwa ameshatangulia kuondoka.

Naibu chifu aliitwa Ratemo. Alikuwa Mkatoliki mwenye mwili na masihara mengi, na ofisi yake ilikuwa chumba kimoja chenye benchi nje. Siku hiyo benchi ilikuwa na watu sita. Esnah alingoja zamu yake, akaingia, akaikabidhi fomu akiwa ameikunja ili sahihi tu ndiyo ionekane. Ratemo akaikunjua. Alikuwa na tabia ya kusoma kila karatasi kwa sauti, na mlango ulikuwa wazi.

"Jumamosi, saa nne asubuhi," alisoma. Akamtazama Esnah juu ya miwani. "Jumamosi? Si nyinyi ni wale wa Sabato?"

"Ilikuwa dharura."

"Kumbe hata nyinyi huwa mnatoroka." Alicheka mpaka kiti kikalia, na kule nje benchi nayo ikacheka. "Na shemasi alibeba boksi, ama alikuwa anaimba?"

Esnah alicheka pia. Ilimbidi, muhuri ulikuwa bado mkononi mwa mtu. Ratemo aliupuliza, akauangalia, akasema wino siku hizi umepanda bei. Esnah akafungua pindo la khanga akatoa shilingi hamsini, nauli yake na unga wa jioni, akaziweka mezani. Muhuri ukashuka. Kutoka pale hadi mjini alikwenda kwa miguu, na njia nzima alijisikia mchafu, halafu akajisikia mwenye hasira, na hasira ndiyo iliyomfikisha.

Zikapita wiki nne. Maneno ya benchi hayakuhitaji nauli. Jumatano ya kwanza, kwenye maombi, mama wa kwaya alimsalimu kwa ncha za vidole. Jumatano ya pili mazungumzo yalikatika alipoingia. Nyumbani Ongeri alikula, akashukuru kwa chakula, akalala. Aliamka mapema kupalilia migomba ambayo haikuhitaji kupaliliwa. Hakumwambia mkewe neno baya hata moja, na Esnah aliona heri angemwambia.

Cheki ilifika tarehe kumi na nne ya Novemba. Kampuni ilikata nauli ya basi ikalipa zilizobaki, elfu kumi na sita na mia moja sitini. Ratilal alimpeleka Esnah mwenyewe hadi duka jingine la mjini lililokuwa na mashine moja, akamkatia bei kwa Kigujarati mpaka zile zilizokatwa zikarudi. Safari hii Esnah alilifungua boksi pale pale kaunta, akatoa sindano moja moja, mia mbili zote, akizipitisha kwenye mwanga. Jayshree, aliyekuwa amewafuata, alisimama karibu akicheka kwa furaha yake. Mashine ikaenda nyumbani siku ya Jumanne, bila viti vya kuazima, na Esnah akafuma hadi bega likafa ganzi. Mwalimu Machogu alikuja, akaiona ikifanya kazi, akampa idhini kwa maandishi. Jumanne ya wiki iliyofuata sweta kumi na moja zilikuwa zimekwisha.

Siku hiyo ndiyo Mzee Omwenga alipokuja. Alikaa, akakataa chai, na kukataa chai nyumbani kwa mtu si jambo dogo kule. Ongeri alikuwa amesimama mlangoni na jembe.

"Niliomba kwa ajili ya mashine ile," Omwenga alisema. Sauti yake haikuwa ya hasira, ilikuwa ya mtu aliyeumizwa. "Dakika ishirini. Nikaikata gundi kwa mkono wangu. Na nyinyi mlikuwa mmeshaifungua, mmeipeleka mjini siku ya Bwana, mkaifunga tena, mkaniacha niombe mbele ya watu juu ya kitu mlichojua kimekufa."

Esnah alimwonea huruma. Hakuwahi kufikiri kwamba karatasi ile ingemwumiza mzee huyu hivi. Alitaka kumwambia haikuwa hivyo, na mdomo wake ulikuwa umeshafunguka, Omwenga alipoendelea.

Alisema mambo ni mawili. Ama karatasi ile ni ya kweli, na hapo wamevunja Sabato na kudhihaki maombi. Ama ni ya uongo, na hapo pesa zile ni za wizi, na yeye mwenyewe ataandika barua Nairobi waambiwe, zirudi kwa mwenyewe, kwa sababu hawezi kukusanya zaka iliyotoka humo. Sabato ijayo, baada ya ibada, washiriki watabaki, naye atauliza mbele yao. Fomu ilikuwa na jina la Esnah, basi Esnah ndiye atakayejibu. Akaagana nao kwa adabu, akaenda.

Siku nne hizo Esnah hakukaa kitako. Akisema kweli, mashine inamponyoka, sweta zinamponyoka, na Ratilal ambaye hakuwadai hata senti atapoteza uwakala wake. Akishikilia uongo, atasimama mbele ya kanisa lililombatiza na kukubali dhambi ambayo hakuifanya, afiche ile aliyoifanya. Aliwaza akifuma, akakosea, akafumua, akafuma tena. Ijumaa mchana alimuuliza mumewe aseme nini. Ongeri alikuwa akisugua viatu vyake vya kanisani.

"Fanya unavyoona," alisema, na hakuinua kichwa.

Esnah alielewa kwamba yuko peke yake, akalia kidogo jikoni, akanawa uso.

Katika kanisa lile wanaume walikaa kulia na wanawake kushoto, na mashemasi walikuwa na benchi lao mbele kabisa, karibu na meza ya sadaka. Ibada ilipokwisha hakuna aliyetoka. Hata watoto walibaki. Omwenga alisimama na karatasi ambayo hakuihitaji, akamwita Esnah mbele. Alitembea kati ya wanaume na wanawake akiwa amevaa gauni lake la bluu, akasimama mahali ambapo mabibi arusi husimama.

Omwenga alimuuliza kama, siku ya Sabato ya tarehe kumi na nne Oktoba, alikwenda mjini Kisii na boksi kudai pesa.

Esnah alimfikiria Mungu, ambaye alijua. Akafikiri kwamba anayejua atakuwa mpole zaidi kuliko hawa wasiojua. Hakuwa na hakika.

"Ndiyo," alisema. "Nilienda."

Mnong'ono ulipita upande wa wanawake. Omwenga akangoja utulie. Akamuuliza alikwenda na nani.

Swali hilo Esnah hakuwa amelitegemea. Alimwona mumewe kwa pembe ya jicho, kwenye benchi la mbele, na tai yake, na mikono juu ya magoti. Miaka tisa alikuwa shemasi. Wizara ilipomtoa, hicho ndicho cheo pekee alichobaki nacho duniani.

"Peke yangu," alisema. "Mume wangu hakuniruhusu. Nilienda peke yangu."

Ongeri akasimama. Alisimama polepole, na kwanza watu walidhani anataka kufungua dirisha, maana hiyo ilikuwa kazi yake. Alitoa ufunguo wa ghala la kanisa mfukoni akauweka juu ya meza ya sadaka. Kisha akaenda akasimama kando ya mkewe.

"Si kweli, mzee," alisema. "Hakwenda peke yake. Tulikuwa wawili. Boksi ni zito, mimi ndiye niliyelibeba."

Katika miaka kumi na minne ya ndoa, huo ulikuwa uongo wa kwanza Esnah kumsikia akiusema, na alikuwa ameusema kanisani mbele ya mimbari. Angeweza kucheka, angeweza kuanguka. Omwenga alivua miwani, akamtazama shemasi wake kwa muda mrefu, na uso wake ulikuwa wa huzuni kweli. Alimuuliza kama ana hakika na anayoyasema. Ongeri akasema ana hakika.

Washiriki wakapiga kura, mikono ikanyoshwa. Miezi sita chini ya nidhamu, wote wawili, bila kazi ya kanisa wala meza ya Bwana, na kiti chao kitakuwa benchi la nyuma karibu na mlango. Karani akaandika majina mawili. Walitembea hadi nyuma, watu wakiwapisha zaidi ya ilivyohitajika. Benchi lile halikuwa upande wa wanaume wala wa wanawake. Esnah alitangulia kukaa, akasogea, na mumewe akakaa kando yake, jambo ambalo hawakuwahi kulifanya kanisani tangu siku ya arusi yao.

Wimbo wa kufunga ukaanza.

"Sweta zimebaki ngapi?" Ongeri aliuliza, macho mbele.

"Arobaini na moja."

Alifikiri mpaka ubeti wa pili ukaisha. "Kesho nionyeshe namna ya kuunganisha mikono," alisema. "Kushona mikono naweza."

Esnah alimfungulia kitabu cha nyimbo, wakakishika wote wawili, na safari hii ukurasa ulikuwa wenyewe.